Uzi: Kuvua blakibasi ukishavuka miaka 60, kayaki, kaboti au ukingoni?

MzeeWaMshipi

Wakuu habari za humu. Kuna vijana wamenifuata PM, baba zao wamestaafu huku Marekani, wanashinda ndani na TV tu, sasa wanauliza kama uvuvi unawafaa na wawanunulie kayaki gani (kamtumbwi kembamba ka mtu mmoja). Nimeona bora niandike hapa wote tufaidike. Mimi nina 68, mtoto wa Mwanza, niko Texas upande wa Dallas muda mrefu sasa, magoti yote mawili mabovu na vidole vya mkono wa kulia vina baridi yabisi, na bado natoka kuvua blakibasi, yule samaki wa maziwani anayependwa na wavuvi wa fimbo huku, karibu kila wiki maji yakishapata joto. Natumia kayaki, natumia kaboti ka bati, na navua nimesimama ukingoni, vyote vitatu navijua.

Neno langu kubwa ni hili: chombo cha mzee kinapimwa jioni, hakipimwi asubuhi. Asubuhi kila mtu ana nguvu, umelala, umekunywa chai, kayaki unaishusha kwenye gari huku unapiga mluzi. Swali ni saa tisa mchana, jua limekuchapa, upepo wa Texas umegeuka unakupiga usoni na umepiga kasia kurudi nusu saa nzima, ukifika pale kwenye rampu ya kushushia boti unaweza kusimama mwenyewe bila kushikwa mkono? Unaweza kuitoa kayaki majini na kuirudisha juu ya gari peke yako? Kama unaweza hicho ndo chombo chako. Kama huwezi, badilisha chombo na uendelee kuvua, maana nawajua wazee waliong'ang'ania boti ya ujanani mpaka siku mwili ulipogoma wakaacha uvuvi kabisa, na wangeweza kuvua miaka kumi zaidi wakiwa ukingoni.

Nianze na kayaki. Chukua ya kukalia juu, zile za kuingiza miguu ndani achana nazo, kuchomoka humo na magoti ya uzeeni ni shughuli. Upana inchi 34 mpaka 36, ndo haiyumbi hovyo. Kiti kiwe cha kuinuka juu kidogo, ukikalia kile cha chini kabisa kusimama kwake ni mateso. Halafu uzito, hapa ndo watu wanaingia mkenge dukani. Kayaki za pedali ni nzuri mno, mabega yanapumzika na mikono inabaki huru kuvua, ila nyingi zinafika kilo 45 au zaidi ukishafunga kiti na vikorokoro, sasa mzee wa 70 anyanyue kilo 45 mpaka juu ya gari? Hapana. Ama uwe na trela ndogo na kigari cha magurudumu cha kuisukumia mpaka majini, ama uchukue nyepesi ya kasia. Na kama goti halikunji vizuri pedali zenyewe zitakutesa, jaribu kwanza ukiwa umekaa muda, usijaribu dakika mbili dukani.

Kuna mtihani mmoja nawaomba kila mtu aufanye kabla ya kwenda mbali. Mwezi wa saba maji yakiwa na joto nenda na mtu, vaa laifujaketi, jirushe majini makusudi kwenye kina cha kifuani, urudi kwenye kayaki. Inaenda hivi: unaikamata ubavuni katikati, unapiga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, unajivuta kifua kipite juu ya kayaki mpaka kitovu kifike katikati, ndo unajigeuza ukae, miguu inafuata mwisho. Usijaribu kupanda umesimama wima majini, utaipindua tu. Kama mikono haina nguvu funga kitanzi cha mkanda pembeni ukanyagie mguu. Sasa kama hata na kitanzi huwezi, mtihani umeshakujibu, kayaki sio yako kwenye ziwa kubwa. Bado kuna vyombo vingine.

Kaboti ka bati kenye sakafu bapa, futi 12 hivi, ndo rafiki mkubwa wa wazee kwa maoni yangu. Kanakaa kwenye trela, unarudi nyuma na gari mpaka majini kanaelea chenyewe, ukirudi unakavuta kwa winchi, mgongo haujanyanyua kitu. Mota ya umeme ya volti 12 inatosha kabisa kwa maziwa madogo. Kilichokuwa kinaniua ni betri, ile ya risasi na asidi ya saa-ampea 100 inafika kilo 25 mpaka 30, nikabadilisha nikaweka ya lithiamu ya ukubwa uleule, kama kilo 12. Ni hela nyingi nakubali, ila kama kuna kitu kimoja cha kumnunulia baba zawadi nunua hicho. Angalizo la sheria kwa wa Texas, ukifunga mota yoyote hata ya umeme, hata kwenye kayaki, chombo kinatakiwa kisajiliwe. Na kwenye boti ndogo za injini kuanzia nguvu farasi 3, tangu Aprili 2021 sheria ya nchi nzima inataka dereva atumie ile kamba ya kuzima injini akianguka. Ifungeni jamani.

Sasa ukingoni, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wanapadharau. Wanaona anayevulia ukingoni ni yule aliyekosa boti. Blakibasi ni samaki wa ukingo! Anapenda penye kivuli, mti ulioangukia majini, nguzo za gati, majani, mawe ya ukuta wa bwawa. Mwenye boti ya dola elfu hamsini anafanya nini kutwa? Anarusha chambo kuelekea ukingoni. Wewe uko tayari hapo. Kosa la wengi ni kusimama na kurusha mbali katikati ya ziwa kwa nguvu zote mpaka bega linauma, kumbe samaki yuko mita mbili kutoka miguuni. Rusha sambamba na ukingo, kushoto kwako halafu kulia, polepole, na usogee kimyakimya maana hatua nzito anazisikia.

Kipindi cha masika ya huku, maji yakifika kama nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, ambayo kwa Texas ni kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne hivi, wanakuja wenyewe maji mafupi kutaga. Dume anapiga mkia chini mpaka anasafisha kiduara, jike anataga, halafu dume anabaki analinda mayai na vitoto. Miezi hiyo mzee mwenye kiti cha kukunja pembeni ya bwawa anaweza kuona samaki wakubwa ambao kiangazi chote wenye boti wanawatafuta kwa mashine. Ukimkamata dume kwenye kiota mrudishe haraka palepale, maana akiondoka tu samaki wadogo wanavamia mayai.

Chambo cha mzee ni mnyoo wa plastiki wa inchi tano, hauna risasi ya kuuzamisha, ndoano inapita katikati ya mwili wake ncha zote mbili zinaning'inia. Unaurusha, unaacha uzame wenyewe, huufanyi chochote. Macho kwenye mshipi. Unaona mshipi umelegea unashuka taratibu, mara unacheza kidogo, halafu unaanza kutembea pembeni, hapo ndo keshameza, kunja rili mpaka mshipi ukaze, inua. Haihitaji nguvu ya bega, haihitaji kurusha mara elfu. Subira ndo inavua, na subira wazee tunayo.

Fundo tumieni lile la Palomar, unapitisha mshipi ukiwa umekunjwa mara mbili kwenye tundu, unafunga fundo la kawaida, unapitisha ndoano kwenye kitanzi, unakaza. Vidole vyenye baridi yabisi vinaliweza na mwanga ukiwa hafifu bado linafungika. Rili iwe ile ya kuning'inia chini ya fimbo, zile za juu zinataka dole gumba lenye hisia nzuri.

Na kabla hujaweka kiti chini hapo ukingoni angalia siafu wekundu wa Texas! Kilima chao ni kijivumbi tu unaweza usikione, ukiweka mguu wanapanda wote kimya kisha wanauma kwa pamoja.

---

Kirumba_Original

Shikamoo mzee wetu. Madini matupu haya. Ila mimi niko hapa Mwanza sielewi kitu kimoja, hivi mtu anaamka saa kumi alfajiri, anavua samaki wa kilo tatu, anampiga picha, anamrudisha majini?? Mbona huku sangara wa kilo tatu ni ada ya mtoto

---

MzeeWaMshipi

Marahaba mwanangu. Swali la haki kabisa, na mimi nilipofika nilishangaa hivyohivyo.

Kwanza kula hajakatazwa mtu. Texas kwa kawaida unaruhusiwa watano kwa siku, kila mmoja awe ametimiza inchi 14, ila maziwa mengine yana masharti yake, soma kibao cha rampu. Nyama yake nyeupe, safi, na nikichukua nachukua wa saizi ya kawaida. Wakubwa narudisha kwa sababu blakibasi mkubwa kabisa ni jike, na amekula miaka mingi kufika hapo. Tangu 1986 idara ya wanyamapori ya Texas ina mpango wa ShareLunker, ukivua wa ratili 13 kwenda juu, karibu kilo 6, msimu wa baridi unaweza kuwapigia wakaja kumchukua akatagishwe, vitoto vinarudishwa maziwani. Rekodi ya jimbo ni ya Lake Fork, Januari 1992, ratili 18.18, hiyo ni zaidi ya kilo 8. Lake Fork lilijengwa likaachwa na miti imesimama ndani, mpaka leo ukipita unaona vigogo vimetoka juu ya maji.

Sababu ya pili ni afya. Samaki anayekula samaki wenzake anakusanya zebaki mwilini, na kuna maji kama Caddo Lake kule mpakani na Louisiana ambako kuna onyo rasmi kupunguza kula blakibasi. Mzee anayekula samaki mara nne kwa wiki aangalie kwanza. Mama watoto akitaka samaki wa mchuzi namletea kambare, hilo ni uvuvi mwingine.

Kwa kifupi usimlinganishe na mvuvi wa Kirumba anayelisha familia. Yule yuko kazini. Mimi nimeshastaafu.

---

Nesi_Atlanta

Mzee pole na magoti, na asante. Mimi ni Mkenya, niko Georgia, nahudumia wazee. Acha niongeze upande wa dawa kwa sababu naona hapa hajasema mtu.

Wazee wengi wako na presha na wanameza zile tembe za kukojoza. Mbili hapo. Moja, kwa boti mtu anaogopa kunywa maji kwa sababu choo iko wapi, kwa hivyo hanywi, jua inachoma, akisimama ghafla kutoka kwa kiti cha chini kichwa inazunguka na anaenda majini. Inuka pole pole, kaa kwa ukingo wa kiti kidogo kwanza, shika kitu. Beba chupa ya kukojolea, hakuna aibu, kunywa maji. Mbili, kuna dawa ya presha inaitwa hydrochlorothiazide, inafanya ngozi ishikwe na jua haraka, na weusi wetu hautuzuii vile watu wanafikiria. Shati ya mikono mirefu na kofia ya kufunika masikio.

Halafu wale wako kwa dawa za kuzuia damu kuganda, ndoano ikiingia kidole damu itatoka kwa muda mrefu. Finya ile meno ya nyuma ya ndoano na koleo kabla hujaanza, inatoka rahisi kwa samaki na kwako. Beba bandeji na ukandamize dakika kumi bila kuchungulia.

Na kwa vile niko Georgia lazima niseme rekodi ya dunia ni yetu, George Perry, 1932, Montgomery Lake, ratili 22 na aunsi 4. Mjapani Manabu Kurita alifikia hiyo mwaka wa 2009 pale Lake Biwa. Na Perry alipeleka samaki nyumbani wakamla, hehe, kwa hivyo ndugu wa Mwanza hauko peke yako.

---

MzeeWaMshipi

Dada ubarikiwe sana, hiyo ya kusimama ghafla naiweka kichwani.

Niongezee kwenye ndoano. Ikizama mkononi mpaka meno yamepita ngozi, wavuvi wana njia ya uzi: mwenzako anazungusha mshipi mnene kwenye lile kona la ndoano, anakandamiza shina la ndoano lilale kwenye ngozi kuelekea tundu lake, halafu anavuta mara moja kwa nguvu, sambamba na ngozi, kuelekea ilikoingilia. Inatoka kabla hujasema aah. Usifanye karibu na jicho, shingoni, wala kwenye kiungo cha kidole, hapo ni hospitali moja kwa moja. Na kama una hizo dawa za damu, nenda hospitali tu, usivute.

---

Theluji_Minnesota

Wakuu huku kwetu barafu ikiyeyuka mwezi wa nne watu wanatoka mbio na makayaki kwa sababu jua limewaka, hewa nyuzi 20, mtu kavaa fulana. Maji yako nyuzi 6! Hiyo ndo inayoua. Kanuni tuliyofundishwa ni moja, kumi, moja: dakika moja ya kwanza utahema bila kujizuia, kazi yako ni kutuliza pumzi tu usimeze maji, dakika kama kumi mikono bado inakusikia, fanya la kujiokoa hapo, halafu una kama saa moja kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Lakini kwa mzee mwenye moyo dhaifu ile dakika ya kwanza ndo yenye hatari, moyo na presha vinaruka ghafla. Kwa hiyo vaa nguo za maji sio nguo za hewa, na laifujaketi ivaliwe, sio ikaliwe. Mzee wangu nimemwambia mpaka mwezi wa sita ni ukingoni tu, hataki ila anatii.

---

Malewa_Boy

Naivasha hapa, nawasalimu nyote. Blakibasi tunaye tangu 1929, aliletwa ziwani kutoka Marekani kwa ajili ya uvuvi wa starehe wa wazungu, halafu mwaka wa 1970 wakaleta kamba wale wekundu wa maji baridi wa Louisiana (crayfish), basi blakibasi akapata chakula. Siku hizi wavuvi wa nyavu wanategemea zaidi samaki wengine kama kapu (carp), lakini wageni wa fimbo bado wanakuja kumtafuta blakibasi.

Mzee mimi nilitaka tu kuonya, hii maneno ya kayaki isije ikamfanya mtu ashuke Naivasha na kayaki yake. Iko viboko. Kiboko anazama, huoni kitu, anatokea chini yako. Hata huo ukingo wa asubuhi mnasifu, huku alfajiri kiboko bado anarudi kutoka kula nyasi na ukisimama kati yake na maji umekwisha. Mzee akija Naivasha achukue boti ya injini na kijana wa hapa anayejua viboko wamelala wapi, avue kando ya ile migunga iliyokufa maji yalipopanda. Ni pazuri sana, samaki wako kwa hayo mashina.

---

MzeeWaMshipi

Malewa umesema kweli tupu, na mtu wa kwetu asisahau mamba wa Ziwa Victoria pia. Nilichoandika kuhusu kayaki ni cha huku. Na hata huku kusini na mashariki mwa Texas kuna maji yana aligeta na yule nyoka wa majini mwenye sumu, mdomo wake ndani mweupe kama pamba, kwa hiyo usipitishe mkono chini ya magogo usikoona. Hiyo miti iliyozama umenitamanisha, nikija likizo nakutafuta.

---

BintiWaKigoma

Shikamoo baba. Nimesoma yote nikalia kidogo. Baba yangu ana 74, alikuwa mvuvi wa dagaa Tanganyika ujana wake, tumemleta hapa Dallas mwaka jana. Alipata kiharusi kidogo, mguu wa kushoto unaburuta na yuko kwenye dawa za damu. Kila siku anauliza maji yako wapi. Kaka anataka kumnunulia kayaki tumfurahishe, mimi naogopa. Kuna njia yoyote?

---

MzeeWaMshipi

Marahaba mwanangu. Njia ipo na ni nzuri. Kayaki hapana, mwambie kaka yako nimesema mimi, na hela hiyo aiweke.

Mpelekeni kwenye hifadhi ya jimbo yenye ziwa. Kuvua ukiwa ukingoni au kwenye gati ndani ya hifadhi za jimbo la Texas hakuhitaji leseni, mnalipa kiingilio tu. Mimi napenda Purtis Creek, kusini mashariki ya Dallas, saa moja na kitu kwa gari. Ziwa dogo la ekari 355, boti haziruhusiwi kukimbia kwa hiyo hakuna mawimbi ya kumyumbisha mtu, na blakibasi wapo. Mkishaona amependa, mkateni leseni, kuanzia miaka 65 mkazi wa Texas analipa bei ya chini, mnahama mnaenda mabwawa ya karibu na nyumbani.

Vifaa: fimbo moja ya futi sita na nusu, ya ugumu wa kati, na rili ya kuning'inia. Rili hizo mkono wa kukunjia unahamishika kushoto au kulia, kwa hiyo muulize mkono upi bado una nguvu ndo ushike fimbo. Mkono ukichoka kuna mkanda wa kushikilia fimbo kiunoni. Kiti kiwe na mikono ya kuegemea ili ajisukume kuinuka, sio kigoda. Kiwekwe mahali pakavu tambarare, hatua mbili kutoka ukingo, na wewe ukae upande wa mguu ule unaoburuta. Laifujaketi avae hata ukingoni, zipo nyembamba za kuvaa mabegani zinazojaa hewa zenyewe zikiingia maji, hatahisi kavaa kitu. Ndoano zote mfinye meno kabla ya kutoka nyumbani, kama nesi alivyosema, na kumtoa samaki mdomoni hiyo iwe kazi yako. Unamshika taya la chini kwa dole gumba, meno yake ni msasa tu hayakati, akiwa mkubwa msaidie tumbo kwa mkono wa pili.

Nendeni siku ya katikati ya wiki hakuna watu, mfike mapema, saa nne jua likianza kukaza mrudi. Msingoje achoke ndo mfunge.

Na mwache afunge fundo mwenyewe hata akichukua robo saa, usimpokonye, mvuvi wa Tanganyika anajua fundo kuliko sisi wote humu. Mkipanga tarehe niandikie PM, ntawasubiri getini, mnyoo wa plastiki nnao wa kutosha.